Gitaa Lenye Tumbo na Kipimo cha Mollo

Hapa tumezoea kuhakiki riwaya, diwani, na mara mojamoja filamu. Leo naomba ruhusa nihakiki gitaa. Si gitaa la mwanamuziki fulani maarufu, wala si gitaa la bei ya kutisha. Nazungumzia lile gitaa la umeme lenye tumbo, au nusu tumbo, linalouzwa kwa bei ambayo watu wa kawaida wakichanga wanaweza kuifikia. Sababu ninazo mbili. Kwanza, chombo nacho ni kazi yenye hoja ndani yake: aliyekibuni alimfikiria mtu fulani, chumba fulani na mfuko fulani. Pili, kuna kwaya moja huku Mollo, nje kidogo ya mji wa Sumbawanga, imeuza magunia yake ya maharage, ina fedha mkononi, na imenitaka ushauri. Ushauri mbaya utakula mavuno ya msimu mzima ya watu ninaopishana nao njiani kila siku.

Kabla ya kuwajibu nimesoma na kutazama hakiki nyingi za magitaa haya, karibu zote za kutoka ng'ambo. Wanaozitoa wanajua kupiga kweli, siwabezi. Lakini wengi wao wana kipimo kimoja tu. Gitaa la bei ndogo linalazwa ubavuni mwa Gibson ES-335, ambayo ikiwa mpya inauzwa zaidi ya dola 3,000, halafu mhakiki anahesabu limebakiza hatua ngapi kuifikia. Likijitahidi sana, linapewa ile sifa ya kupozwa nayo: kwa bei yake, si baya. Wasomaji wa hapa mnaijua hii tabia. Ni ya yule mtu anayesoma Kusadikika ya Shaaban Robert huku kidole kimoja kiko kwenye Safari za Gulliver. Atakuambia mambo mengi ya kweli, ila kitabu chenyewe hatakuwa amekisoma.

Na Kiswahili chetu nacho kina la kusema hapa. Tukisema kitu ni rahisi, tunaweza kuwa tunamaanisha bei yake ni ndogo, na hapohapo tukamaanisha hakina ugumu, hakina uzito. Ndiyo maana watu husema rahisi ni ghali. Lakini tuna neno jingine: bei nafuu. Nafuu ni ile ambayo mgonjwa anaipata homa ikianza kushuka. Kwa hiyo swali la kuuliza juu ya gitaa la bei nafuu ni hili: linampa nafuu nani, na nafuu ya nini? Hoja yangu ni kwamba gitaa hili lipimwe kwa mahali litakapopigwa na kwa watu watakaolipiga. Likipimwa Mollo, orodha ya sifa na kasoro zake inabadilika sana.

Tumbo, nusu tumbo, ubao

Tuelewane kwanza, maana si kila msomaji ni mpigaji. Magitaa ya umeme yana familia tatu. Ya kwanza ni ya ubao: mwili ni mti mzima, hauna uwazi wa kukuza sauti, na kila kitu kinategemea zile sumaku zilizo chini ya nyuzi. Sumaku hizo mafundi huziita pikapu, na msomaji asifikirie gari. Familia ya pili ni ya tumbo: mwili umejengwa kama sanduku, kifua kimebinuka kidogo, na una matundu mawili yenye umbo la herufi f, kama ya fidla. Ya tatu ni ya nusu tumbo. Mwili ni mwembamba, na katikati yake limepitishwa gogo la mti kutoka shingoni hadi mkiani, hivyo uwazi unabaki pembeni tu, kulia na kushoto.

Lenye tumbo ndilo la zamani. Gibson walitoa ES-150 mwaka 1936, na mpigaji wa jazi Charlie Christian akaonyesha kwamba gitaa linaweza kusimama katikati ya tarumbeta na saksafoni likasikika. Tatizo lilikuja na sauti kubwa. Sanduku ni sanduku. Spika ikipiga kwa nguvu, kifua cha gitaa kinatetemeka, pikapu inaunasa mtetemo ule, inaurudisha kwenye spika, spika inautoa tena kwa nguvu zaidi, na ukumbi mzima unasikia mbinja. Lile gogo la katikati liliwekwa kutibu ugonjwa huo, na ES-335 ya mwaka 1958 ndiyo iliyoisambaza dawa. Wapo waliojitibu wenyewe. B.B. King alikuwa akisokomeza vitambaa kwenye matundu ya gitaa lake, mpaka mwaka 1980 Gibson walipotoa gitaa la jina la Lucille ambalo matundu hayo halina kabisa.

Magitaa ya bei nafuu tunayoyaona leo ni wajukuu wa hayo. Epiphone, ambayo Gibson waliinunua mwaka 1957, ilitoa Dot, iliyofuata umbo la ES-335, na ina Casino, iliyoanza mwaka 1961, yenye tumbo tupu lisilo na gogo. Casino ndiyo ambayo watatu kati ya Beatles walikuja kuwa nayo. Ibanez walianzisha safu ya Artcore mwaka 2002, na humo kuna ya tumbo na ya nusu tumbo. Gretsch wakaja na Streamliner mwaka 2016. Mengi ya haya hutengenezwa China au Indonesia, na dola mia kadhaa zinatosha kulipata mojawapo jipya.

Bei inashushwa na vitu vinavyoeleweka: kazi ya kiwandani kwa wingi, vifaa vya ndani vya gharama ndogo, vitasa vya kawaida, rangi nene. Na plaiwudi, wahakiki wengine wanaongeza, huku wamekunja uso. Kumbe hata hiyo ES-335 ya zaidi ya dola 3,000, kifua chake na mgongo wake ni plaiwudi: tabaka za mti zilizogandishwa pamoja na kukandamizwa kwenye kalibu. Ndivyo ilivyobuniwa toka mwanzo. Yaani jambo ambalo kwenye gitaa la tajiri linaitwa ubunifu, kwenye gitaa la maskini linaitwa kubana matumizi.

Galatoni

Sisi nasi tuna historia yetu na sanduku la plaiwudi. Wazee wa muziki wa dansi gitaa kavu walikuwa wakiliita galatoni. Neno hilo halikutungwa na baraza lolote. Limetoka kwenye nembo ya Gallotone, ya kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini, ambayo magitaa yake ya bei ndogo yalisambaa huku kwetu hadi nembo ikageuka jina la kitu. Ndani ya moja ya magitaa hayo, lililoitwa Champion, ilibandikwa karatasi iliyoahidi kwamba mwili wake haupasuki. Gitaa la mwanzo la John Lennon, alipokuwa kijana Liverpool, lilikuwa hilohilo, na mwaka 1999 lilipigwa mnada London kwa bei ambayo ingenunua shehena ya magalatoni.

Mimi ile karatasi naisoma kama mstari wa uhakiki. Haikuahidi sauti tamu. Iliahidi kutopasuka. Aliyekaa nchi zenye kiangazi kirefu anajua kwa nini hilo ndilo la kwanza kuahidiwa.

Kampuni hiyo ya Gallo ndiyo pia iliyounga mkono safari za Hugh Tracey za kurekodi muziki wa Afrika. Mwaka 1952, huko Jadotville, mji ambao leo unaitwa Likasi, Tracey alimrekodi kijana Mwenda Jean Bosco akipiga gitaa kavu. Huko ni Katanga, upande wa pili wa Ziwa Tanganyika ukitokea kwetu Ufipa, na baadhi ya nyimbo za Mwenda ni za Kiswahili cha huko. Mwaka uliofuata, 1953, Mbelgiji Bill Alexandre aliingiza magitaa ya umeme Léopoldville kwa ajili ya studio ya CEFA, na wapiga rumba wakaanza kubadilika. Kenya, Fundi Konde anatajwa miongoni mwa wa kwanza kurekodi kwa gitaa la umeme. Ninachotaka msomaji akione ni mpangilio wa mambo: umeme ulikuta vidole vilishazoea sanduku. Ule upigaji wa vidole viwili, besi ikitembea chini na solo ikicheka juu, ulijifunziwa kwenye chombo ambacho kinaongea chenyewe.

Mwenye vyombo

Ukikaa na wanamuziki wa dansi wa Tanzania utagundua neno zito kuliko "solo" na kuliko "mtunzi". Ni "vyombo". Bendi ilisimama kwa mwenye vyombo. NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 zikawapo bendi za jeshi, za polisi, za JKT, za viwanda kama Urafiki. Mpigaji alikuwa mwajiriwa na gitaa lilikuwa mali ya ofisi. Mfumo huo ulitupa muziki mwingi mzuri, hilo halina ubishi. Lakini mwanamuziki aliyehama bendi alihama na vidole vyake tu.

Desturi hiyo tumeirithi mpaka makanisani. Vyombo vya kwaya vinafungiwa stoo, ufunguo anao mtu mmoja, na mazoezi ni siku ufunguo ulipopatikana. Matokeo yake tunayaona wote. Kwaya ina wapigaji wawili, wale waliojifunza zamani au waliobahatika kuwa karibu na ufunguo, na nyuma yao kuna vijana kumi wanaopiga gitaa la hewani. Mabinti ndio wanaokosa kabisa, maana hakuna mzazi atakayemwachia binti akae kanisani hadi saa tatu usiku akisubiri zamu yake kwenye amplifaya.

Kwa hiyo ninapouliza bei nafuu inampa nani nafuu, namaanisha hili. Je, gitaa hili linaweza kutoka stoo? Linaweza kwenda nyumbani kwa mtu, likalala kwake, likapigwa jioni bila kusumbua mtu na bila kutegemea kitu?

Wiki tatu

Rafiki yangu wa Mbeya aliniazima gitaa lake la nusu tumbo, lililotengenezwa China, likapanda basi likapitia Tunduma mpaka Sumbawanga. Jina la kampuni naliacha, kwa sababu ninachohakiki ni aina ya chombo. Nimekaa nalo wiki tatu za Juni na Julai, wakati ambao upepo wa uwanda wa Ufipa unakata midomo na asubuhi maji ya ndoo hayashikiki. Lilikwenda mazoezini, likaenda kwenye nyumba tatu za wanakwaya, likarudi.

Jaribio la kwanza lilikuwa la giza. Msomaji wa mjini aelewe kwamba kwa miaka mingi mkoa wetu wa Rukwa ulikuwa nje ya gridi ya taifa, na umeme wa Sumbawanga ulitegemea mitambo ya dizeli na laini iliyotoka Zambia. Huku hakuna anayepanga jambo bila kuuliza "na ukikatika?" Siku hiyo ulikatika kweli, tukaendelea. Mama mmoja wa sauti ya pili akashangaa: "Mwalimu, si ulisema hilo la umeme? Mbona linaongea?"

Linaongea, lakini nisilipambe. Nusu tumbo bila umeme linasikika sebuleni, kwa watu wanne au watano waliokaa karibu. Kwenye ukumbi wa kwaya nzima halifiki popote. Lenye tumbo zima linafika mbali zaidi kidogo, na yote mawili yanashindwa na galatoni la kawaida. Anayewaambia kwamba gitaa hili ni magitaa mawili kwa bei ya moja anawadanganya. Ni gitaa moja la umeme ambalo haligeuki bubu umeme ukiondoka. Kwa mtu anayejifunza, tofauti ya bubu na mnong'ono ni kubwa. Binti mmoja wa sauti ya kwanza alikaa nalo usiku mmoja kwao, akarudi siku ya pili anapiga ridhimu ya wimbo mzima, kifungu cha kubadilisha kodi kikiwa bado kinamsumbua. Nyumba yao haina umeme.

Jaribio la pili lilikuwa la mvumo. Kuna pikapu za koili moja na kuna za koili mbili zilizopangwa ili ziue mvumo, ambazo Seth Lover wa Gibson alizibuni miaka ya katikati ya 1950. Majengo yetu mengi waya wa kwenda ardhini ni wa kubahatisha, taa za tyubu zinalia, na chaja za simu zimejaa kwenye soketi moja na amplifaya. Hapo pikapu ya koili moja inavuma kama mzinga wa nyuki. Hili la koili mbili lilitulia. Casino na ndugu zake wenye pikapu za koili moja wana sauti kali inayopendeza sana, nakiri naipenda kuliko hii, lakini kwa soketi za huku singeinunua.

La tatu, mbinja. Kanisa lina paa la bati, na spika kubwa zimepangwa nyuma ya kwaya badala ya mbele, mpangilio ambao ni mgumu kubadilisha kwa sababu waya ni mfupi. Gogo la katikati lilifanya kazi yake. Sauti ilipanda mpaka kiwango cha ibada bila shida. Ilipopanda hadi kiwango cha harambee, likaanza kulia. Nikakata sponji la godoro, nikasokomeza kwenye matundu mawili, likanyamaza. Nina hakika kabisa kwamba lenye tumbo tupu lingetutoa nje ya jengo.

La nne, kiangazi. Hapa plaiwudi inajibu mashtaka yake. Kwetu mvua ni msimu mmoja, Novemba mpaka Aprili hivi, kisha ukavu unashika miezi sita. Ubao wa mti mmoja hujikunja na kunywea kwa kukingama na mwelekeo wa nyuzi zake, na ndipo ufa unapoingia. Tabaka za plaiwudi zimepishanishwa, hii inaikatalia ile, hivyo mwili unabaki ulivyo. Mwili wa gitaa nililoazimwa haukuwa na ufa hata mmoja. Shingo ndiyo iliyolalamika. Ubao wa vidole ni mti mmoja, ulinywea kidogo, na ncha za freti zikachomoza pembeni zikawa zinakwaruza kiganja. Tupa ndogo na nusu saa ya uangalifu vilimaliza kazi. Lakini hilo ni jambo ambalo mhakiki wa nchi yenye unyevu hataliandika, na mnunuzi wa Ufipa lazima alijue kabla.

La tano ni ufundi, na hapa gitaa hili linapoteza alama nyingi. Kitasa cha sauti kilianza kukwaruza. Kwenye gitaa la ubao unageuza, unafungua skrubu chache, unaona kila waya, fundi redio yeyote mwenye chuma cha kulehemu anakimaliza kabla chai haijapoa. Gitaa la nusu tumbo mara nyingi halina mlango. Kila kitu kiliingizwa kupitia lile tundu la f na kitatoka humohumo. Fundi alilazimika kufunga uzi kwenye kila kitasa ili aweze kukivuta kirudi kwenye tundu lake. Ilikula mchana mzima. Alikuwa mvumilivu, lakini aliniangalia kwa jicho la mtu ambaye mara ya pili atataja bei nyingine. Aliyebuni chombo hiki hakumfikiria fundi redio wa Sumbawanga hata kidogo.

La sita ni dogo lakini linavunja magitaa. Kwenye mengi ya aina hii tundu la waya liko kwenye kifua chenyewe, kwenye plaiwudi nyembamba. Mwanakwaya akikanyaga waya, kifua kinabanduka pamoja na tundu. Machache yana tundu ubavuni. Chagueni hayo, na waya upitishwe kwanza kwenye mkanda wa begani ndipo uingie.

Hoja ya wapiga besi

Nilipoeleza haya kwenye kikao, mpiga besi wa kwaya na kijana wa kinanda walinipinga, na walinipinga vizuri. Walisema gitaa la ubao ni rahisi zaidi, ni gumu zaidi, halipigi mbinja, linatengenezeka kwa fundi yeyote, na kwa sebene ya siku hizi, ile ya noti kali zinazofuatana kama mvua ya mawe, ndilo linalofaa. Sauti ya nusu tumbo waliiita ya kizee.

Yote hayo ni kweli, pamoja na hiyo ya kizee, ingawa ningetumia neno jingine. Nusu tumbo lina mwanzo laini wa noti na mkia mfupi. Kwenye nyimbo za polepole za Kwaresima, na kwenye rumba ya zamani, linakaa chini ya sauti za watu bila kuzisukuma. Kwenye sebene ya kukimbia linachelewa kidogo, kama mtu aliyevaa koti. Kwaya inayotaka kushindana na bendi za injili za mjini inunue la ubao na isinisikilize tena.

Lakini nilimwomba kijana wa kinanda atazame ni nani anayetoa hoja hiyo. Ni yeye na mpiga besi, watu ambao ufunguo wa stoo wanaupata. Kwa mtu aliye ndani tayari, gitaa la ubao halina kasoro. Kwa mtu wa nje, la ubao bila amplifaya ni kipande cha mti chenye nyuzi. Analisikia yeye mwenyewe kwa shida, na mwenzake aliyekaa naye hasikii anachofundishwa.

Kuna hoja nyingine ambayo hakuna aliyeitoa kikaoni, nami niliitoa kwa niaba yake. Kwa nini wasinunue galatoni la kawaida na kulibandika pikapu? Itakuwa bei ndogo zaidi, na nyumbani litasikika kuliko yote. Kwa kikundi kisichotumia spika kubwa, hilo ndilo jibu, na gitaa la kuhakikiwa hapa lingeshindwa kabisa. Kwa kwaya hii, hapana. Sanduku kubwa lisilo na gogo, mbele ya zile spika na chini ya lile bati, litalia kuanzia wimbo wa kuingilia. Isitoshe, mwili wake unaziba freti za juu, na wapigaji wetu wanapenda kupanda huko.

Hukumu

Basi ushauri wangu kwa kwaya, na kwa kikundi kingine chochote chenye hali kama hii, ni huu. Nunueni nusu tumbo lenye gogo la katikati na pikapu za koili mbili. Lisiwe na mapambo. Kila pambo mnalilipia na halipigi noti. Tundu la waya liwe ubavuni. La mtumba lisiogopwe, ila kabla ya kulipa litazameni shingo kwa jicho moja kutoka juu kama fundi seremala anavyotazama ubao, pitisheni kiganja kwenye ncha za freti, na zungusheni vitasa vyote huku limewashwa. Fedha zote zisiishie kwenye gitaa. Wekeni akiba ya seti tatu za nyuzi, ya fundi wa kusawazisha daraja na freti, na ya amplifaya ndogo inayokubali betri.

Kama kazi ya ubunifu, chombo hiki nakipa heshima ya wastani. Kina maungo mazuri, kina mwili uliojengwa kwa akili kuliko wanavyokiri wanaokibeza, na kina tumbo lisilofunguka ambalo ni dharau kwa kila fundi atakayelipokea baada ya kiwanda. Si galatoni na si gitaa la ubao. Ubora wake ni mmoja, nao ni mwembamba: umeme ukikatika, bado mtu anaweza kumfundisha mwenzake wimbo.

Ubora huo unahitaji jambo ambalo haliuzwi dukani. Nimewaandikia viongozi wa kwaya kwamba kabla ya kutuma fedha wapitishe azimio: gitaa lilale kwa zamu kwenye nyumba za wanaojifunza, mabinti wakiwemo, kwa daftari la kutia sahihi, na stoo lirudi Jumamosi tu. Mzee mweka hazina ameuliza likipotea itakuwaje. Ni swali la haki, na daftari ndilo jibu nililo nalo. Wakilikubali azimio, wanunue nusu tumbo. Wakilikataa, gitaa likabaki linafungiwa kama mengine, basi vijana wako sahihi: wanunue la ubao, na chenji itakayobaki wakanunulie mbegu.